Ajabu ya Mnyama Utaiona Kwao



Nimeombwa nizungumze juu ya wanyama wa ajabu. Mada hii ina mtego wake. Mzungumzaji anaweza kuwatandikia hapa pweza mwenye mioyo mitatu, twiga mwenye ulimi mweusi, kinyonga anayegeuza jicho moja mbele na lingine nyuma. Mkashangaa, mkapiga makofi, mkaenda zenu mkiwa mmefurahi na hamjajifunza lolote. Mimi nimekuja na wanyama wanne tu, na mmoja kati yao nitampitia harakaharaka. Nina dai moja. Mnyama tunayemwona kituko ni yule aliyebanwa na mahali anapoishi, akajua kuishi hapo kwa matumizi madogo kuliko wenziwe. Umbo lake la kuchekesha ni hesabu zake za matumizi. Na kwa kuwa hesabu hizo zimepigwa kwa mahali pale pale, ukipabadilisha ghafla, kilichokuwa kikimwokoa ndicho kitakachommaliza.

Nianze na yule wa kupitia. Mwaka 1799, mtaalamu mmoja wa Makumbusho ya Uingereza aitwaye George Shaw aliandika maelezo ya kiumbe ambaye ngozi yake ilikuwa imeletwa London kutoka Australia. Mdomo kama wa bata, manyoya ya mnyama, mkia mpana, miguu yenye utando. Shaw alikiri kwamba alishuku ameletewa kitu kilichoungwaungwa na watu wajanja. Huyo ndiye kinyamadege, ambaye wengine humwita platipasi. Hutaga mayai, na kisha hunyonyesha bila kuwa na chuchu: maziwa yanavuja kwenye ngozi ya mama na watoto wanayalamba pale pale. Dume ana mwiba wa sumu kwenye mguu wa nyuma. Wenyeji wa Australia walikuwa wakisema kwamba hutaga; wasomi wa Ulaya walibishana mpaka mwaka 1884, William Caldwell alipolithibitisha jambo hilo.

Simlaumu Shaw. Mezani pake alikuwa na ngozi. Mto hakuwa nao. Ndani ya maji machafu ya usiku kinyamadege hufumba macho, huziba masikio na pua, kisha hutafuta chakula kwa mdomo ule ule uliochekwa London, kwa kuwa unahisi umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya kamba na wadudu waliojificha kwenye tope. Ukimwona mtoni, humcheki. Unaona chombo cha kazi.

Tumwache, twende Kenya.

Kule nyanda kavu, kuanzia upande wa Tsavo hadi Isiolo, na kuendelea Ethiopia na Somalia, utakuta pembeni mwa njia vichuguu vidogo vya udongo vinavyotema vumbi, na mnyama humwoni. Anayetema ni fuko asiye na manyoya. Eduard Rüppell, Mjerumani, ndiye aliyempa jina la kisayansi, *Heterocephalus glaber*, mwaka 1842. Urefu wake ni kama kidole cha kati cha mtu mzima au kuzidi kidogo, ngozi yake ya waridi imejikunja, macho karibu hayana kazi, na meno manne yametokeza nje ya midomo. Wanaomwona kwa mara ya kwanza hudhani ni mtoto wa panya aliyezaliwa kabla ya siku zake. Binafsi namwona mzuri, lakini najua kwa hilo niko na wachache.

Tuanze na hayo meno. Midomo yake hufunga nyuma ya meno, si mbele, kwa hiyo anaweza kuchimba kutwa bila kumeza udongo. Meno mawili ya chini husogea kila moja kivyake, yakiachana na kukutana. Sehemu kubwa ya misuli ya mwili wake iko kwenye taya, na eneo kubwa la ubongo wake linaloshughulikia hisia limepewa meno. Kwa maneno mengine, huyu anapapasa dunia kwa meno.

Kwa nini achimbe hivyo? Kwa sababu chakula chake ni viazi pori na mizizi iliyofukiwa ardhini, na katika nchi kavu viazi hivyo viko mbalimbali. Mmoja peke yake anaweza kuchimba mpaka afe kabla hajagonga kiazi hata kimoja. Walio sabini wakichimba pande sabini, mmoja atagonga. Na akigonga, kinaweza kuwa kiazi chenye uzito wa makumi ya kilo, chakula cha kundi zima kwa miezi. Hawakimalizi. Hula nyama ya ndani, huacha ganda, huziba tundu kwa udongo, na kiazi huendelea kukua. Sijui ni wakulima wangapi humu ndani wenye subira hiyo.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililowatikisa wataalamu. Jennifer Jarvis alianza kuwachunguza mafuko hawa Kenya miaka ya 1960. Huko Marekani, miaka ya 1970, Richard Alexander, mtaalamu wa wadudu, alikuwa akiwaeleza watu katika mihadhara yake kwamba kama kungekuwa na mnyama anayenyonyesha anayeishi kama mchwa, yaani malkia mmoja anazaa na wengine wote ni watumishi, angekuwa mchimbaji wa chini ya ardhi, mla viazi, katika nchi ya joto yenye udongo mgumu. Alikuwa akikisia tu. Msikilizaji mmoja akamwambia: huyo unayemsema yupo, ni fuko wa Afrika Mashariki. Mwaka 1981 Jarvis akachapisha ushahidi wake: kundi lina malkia mmoja, madume wachache anaozaa nao, na waliobaki, wake kwa waume, hawazai kabisa. Wanachimba, wanabeba, wanalea, wanalinda. Nyoka akiingia, walinzi ndio wanaomkabili.

Watu hupenda kuigeuza habari hii kuwa somo la siasa, wengine wakimsifu malkia, wengine wakiwahurumia wafanyakazi. Mimi nawaomba mtazame hesabu. Kundi la wastani lina wanyama 70 au 80, na makundi makubwa yamefika karibu 300. Wote hao wanaishi kwenye mahandaki ambamo hewa inapumuliwa mara mbili, mara tatu. Mnyama wa kawaida angezimia. Mwaka 2017 kikundi cha watafiti kiliwaweka kwenye hewa isiyo na oksijeni kabisa. Walizimia, mapigo ya moyo yakashuka sana, na baada ya dakika 18 waliporudishiwa hewa, wakaamka na kuendelea na shughuli zao. Mwili wao, ukikosa oksijeni, hubadilisha mafuta ya injini: huacha kuchoma glukosi kwa njia ya kawaida na kutumia fruktosi, sukari ya matunda, kama mimea inavyoweza kufanya.

Manyoya hawana, kwa kuwa joto la shimoni halibadiliki sana na baridi ikizidi wanalundikana. Mwili wao hauhangaiki kutunza joto lake kama wetu. Unafuata joto la handaki. Ngozi yao haiumi ukiipaka tindikali wala pilipili, na wataalamu wengi hulihusisha hilo na kuishi katika hewa nzito ambayo ingewasha macho na pua za wengine. Kila tunachokiita upungufu, tukikifuata hadi shimoni, tunakuta ni gharama iliyofutwa.

Na malipo? Panya wa ukubwa wake huishi miaka miwili, akibahatika mitatu. Fuko huyu amepita miaka 30 maabara. Rochelle Buffenstein, aliyewafuga kwa miongo kadhaa, alionyesha mwaka 2018 pamoja na wenzake kwamba hatari ya kufa haiongezeki kadiri umri wao unavyoongezeka, kinyume cha ilivyo kwetu sote tuliomo humu. Saratani kwao ni nadra mno. Leo maabara za Ulaya na Marekani zina makundi yao yanayolishwa viazi vitamu, na wazee wa wanyama hao walitoka kwenye ardhi ya Kenya. Hilo liwakae vichwani wanafunzi wa baiolojia mnaotafuta mada za utafiti.

Jambo moja zaidi juu yake, kwa sababu linanifurahisha. Hawa wanyama wasioona vizuri hupiga kelele mfululizo, sauti ndogo za kusalimiana. Mwaka 2021 Alison Barker na wenzake walitangaza kwamba kila kundi lina lahaja yake. Mtoto akihamishiwa kundi lingine angali mdogo, hujifunza lahaja ya walezi. Malkia akifa, lahaja huvurugika mpaka apatikane mwingine. Mgeni hujulikana kwa lafudhi, na lafudhi ya ugenini huko inaweza kuleta meno.

Nimekaa sana Kenya. Sasa tuvuke mpaka, tuingie milima ya Udzungwa.

Mto Kihansi unashuka kwenye ukingo wa milima hiyo kwa maporomoko, na maji yanapopiga miamba hutoa manyunyu yasiyokoma usiku na mchana. Mwaka 1996, watafiti waliokuwa wakichunguza mazingira ya bonde lile kwa ajili ya mradi wa umeme walikuta humo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mkubwa wao hafiki hata sentimita tatu. Alikuwa hajawahi kuandikwa popote. Alipewa jina mwaka 1999, *Nectophrynoides asperginis*. Makazi yake yote duniani, nasema duniani, yalikuwa takribani hekta mbili za majani yaliyoloa manyunyu.

Chura huyu hazai viluwiluwi. Jike hubeba watoto tumboni, na wanapotoka ni vyura kamili, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Jamaa zake wa jenasi hiyo, ambao wote ni wa Tanzania, huzaa vivyo hivyo. Ukifikiri kidogo utaona faida yake: kwenye mteremko ambako maji yanakimbia, kiluwiluwi hana dimbwi la kutulia. Mama ndiye dimbwi.

Bwawa likajengwa, kituo cha megawati 180 kikawashwa, na sehemu kubwa sana ya maji, kama asilimia 90, ikaelekezwa kwenye mitambo badala ya maporomoko. Manyunyu yakakatika. Wahifadhi waliweka mabomba ya kunyunyizia yaliyolishwa na maji ya mlimani, na kwa muda yalifanya kazi. Mwaka 2003 vyura waliongezeka mpaka kufikia maelfu mengi. Kisha mwaka ule ule wakaanguka ghafla. Ulikutwa ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura, ule ambao umeua vyura katika mabara mengi. Miezi michache baadaye walikuwa wakitafutwa kwa tochi. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena.

Walikuwapo New York. Mwishoni mwa mwaka 2000, karibu vyura 500 walikuwa wamepelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, na baadaye wengine Toledo. Wengi walikufa mwanzoni, kwa sababu hakuna aliyejua joto gani, unyevu gani, wadudu gani. Waliobaki walizaana kwenye masanduku ya vioo yenye mashine ya ukungu. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarejesha Kihansi. Kuna waliodhihaki: chura kapanda ndege mara mbili, mwananchi hajapanda hata moja. Mzaha huo una haki yake. Nchi ilihitaji umeme, na hata taa hizi zinazonimulika sasa sijui zimetoka kwenye mto gani. Ila tuelewe gharama ilikuwa ya nini. Chura yupo, kizazi kipo, Bronx waliviweka hai. Kilichokosekana ni manyunyu, na manyunyu bandia hayana budi kulipiwa, kusafishwa na kulindwa mwaka hadi mwaka, milele. Mto ulikuwa ukiifanya kazi hiyo bure.

Nimebakiza mkubwa wao, na huyu nina ombi juu yake.

Desemba 22, 1938, nahodha Hendrick Goosen alitia nanga East London, Afrika Kusini, akiwa na samaki aliyenaswa karibu na mdomo wa mto Chalumna: urefu wa mita moja na nusu, rangi ya buluu, magamba magumu, mapezi yenye shina la nyama kama viungo. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi kijana wa makumbusho ya mji, akapigiwa simu. Yule dada alimpakia samaki kwenye teksi huku dereva akinung'unikia harufu, akakosa pa kumhifadhi kwenye barafu, ikabidi viungo vya ndani vitupwe na ngozi ikaushwe. Alichora picha na kumpelekea J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki. Smith alipoiona alijua anatazama samaki ambaye kwa kumbukumbu zote za visukuku alikuwa ametoweka pamoja na dinosaria, miaka kama milioni 66 iliyopita. Akampa jina *Latimeria chalumnae*, kumheshimu yule dada.

Smith alitafuta wa pili kwa miaka 14. Alisambaza vipeperushi vyenye picha ya samaki na ahadi ya pauni 100 katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Desemba 1952 akapatikana Nzuwani, Komoro, kwa mvuvi Ahamadi Abdallah, na Smith akapewa ndege ya kijeshi kwenda kumchukua. Wavuvi wa Komoro walishangaa jinsi wageni walivyoshangaa. Wao walimjua zamani, wakimwita gombessa. Alikuwa akinasa kwa bahati mbaya kwenye mishipi yao ya usiku, ngalawani, walipokuwa wakivua samaki wengine wa kina kirefu. Nyama yake ina mafuta yanayoharisha, nani angemtafuta?

Sisi tunamwita silikanti. Mwaka 2001 alinaswa mmoja upande wa Malindi. Mwaka 2003 akatokea Songo Mnara, Kilwa. Kisha Tanga, na Tanga hakuja mmoja: walivuliwa kwa makumi katika miaka michache. Mwaka 2009 serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kutoka Pangani kuelekea kaskazini.

Tuje kwenye mwili wake, maana ombi langu limo humo. Mwaka 1987 Hans Fricke alishuka Komoro kwa nyambizi ndogo na kumwona akiwa hai kwao kwa mara ya kwanza. Mchana hujificha kwenye mapango ya miamba, kina cha mita 150 hadi 250, wawili, watatu, hata zaidi kwa pamoja, bila kusukumana. Usiku hutoka na kuelea na mkondo, akichezesha mapezi kwa zamu, la kulia mbele na la kushoto nyuma, na mara nyingine husimama kichwa chini. Puani ana kiungo kinachohisi umeme, kama kinyamadege. Kila kitu chake ni polepole. Matamvua yake ni madogo kwa mwili wa ukubwa ule, kwa hiyo anavuta oksijeni kidogo na kutumia kidogo, na hilo linatosha katika maji ya baridi ya chini.

Jike hutoa mayai makubwa kama chungwa, lakini hayatagi. Watoto huanguliwa na kukua tumboni. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walihesabu tena miduara midogo kwenye magamba, wakaona ile hesabu ya zamani ya miaka 20 ya kuishi haikuwa kweli. Samaki huyu anaweza kufikia miaka 100. Mimba yake huchukua takribani miaka mitano. Jike huwa tayari kuzaa akikaribia miaka 60. Nimeipiga hesabu hiyo kwa kalenda yetu: silikanti jike aliyezaliwa mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, kama yu hai leo, ndiyo kwanza ameingia umri wa kupata watoto.

Sasa mtazameni huyo jike kwenye jarife. Nyavu za papa zilipoanza kutegwa kwenye kina kirefu nje ya Tanga, hazikumlenga yeye, na mvuvi hana faida naye sokoni. Nimewasikia watu wa nia njema wakisema dawa ni kuwafundisha wavuvi wamrudishe majini akiwa hai. Nadhani hawajafikiria matamvua. Samaki huyu akipandishwa kutoka maji ya baridi hadi maji ya juu yenye joto, mwili wake unadai oksijeni zaidi huku maji ya joto yakiwa na oksijeni pungufu, na matamvua yale madogo hayawezi kuziba pengo hilo. Hukaa saa chache, hufa. Kumsukuma arudi chini akiwa tayari amechoka ni heshima kwake, si tiba.

Kwa hiyo linalowezekana ni jarife lisifike pale. Ombi langu kwa wanaohusika na hifadhi ile, na kwa viongozi wa vikundi vya wavuvi wa Tanga na Pangani ambao wanaijua miamba hiyo kuliko sisi wenye kalamu, ni kwamba mazungumzo yahusu kina: nyavu zitegwe wapi usiku na zisishuke mita ngapi, na mvuvi anayeacha eneo lile alipwe vipi kwa papa atakaowakosa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayorukwa kila mara kwenye mikutano, na bila hiyo katazo lolote litavunjwa usiku ule ule. Mvuvi ana watoto wa kulisha wiki hii. Silikanti ana mimba ya miaka mitano. Anayetaka wote wawili waishi kwenye maji yale yale aje na bajeti.